Msonyo wa Mama Fanuel

Ukifika soko la Kilombero, Arusha, upande wa mapazia, usimuulizie kwa jina. Ulizia yule mama anayesonya. Hata wapagazi wa belo za mtumba watakuonyesha kwa kidevu bila kutua mzigo.

Jina lake ni Anande. Meza yake na yangu zinagusana. Kamba yangu ya mashuka nimeifunga kwenye nguzo yake, na turubai lake linanikinga mvua mimi. Naitwa Arafa, wenzangu wananiita Mama Saadi, nakaa Levolosi. Mengi ya hapa nimeyaona kwa macho yangu. Ambayo sikuyaona, kaniambia mwenyewe.

Alishuka kutoka Machame akiwa mjane mbichi, na Fanuel mgongoni. Alianza na foronya za mtumba alizotandika chini juu ya gunia, moja moja, kila moja ameipiga pasi usiku kwa jirani. Leo anafungua belo lake mwenyewe bila kuchangia na mtu, na ana vyumba vya kupangisha Olasiti. Hakuna aliyempa. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaosema alisaidiwa na kanisa, na mimi ninajua kanisa lilimsaidia nini: lilinunua kwake mapazia ya ofisi, na likaomba apunguze.

Msonyo ndio ulikuwa mzani wake. Kulikuwa na ule mfupi, midomo haijafunguka vizuri, ambao maana yake ni ongea vizuri, mama, tutaelewana. Kulikuwa na wa kati, anauvuta kwa jino la pembeni, huo ni wa mwenye belo anayeapa kwamba mzigo ni gredi wani huku pazia la juu lina kiraka. Halafu ule mrefu. Huo aliutunza kwa mtu aliyepindua meza nzima, akanusa, akajipima kiunoni, kisha akasema alikuwa anaangalia tu. Sokoni hakuna aliyekasirika. Mteja akisonywa na Mama Fanuel alicheka na kuongeza kidogo, maana alijua bei ya kweli sasa imekaribia.

Fanuel alikua, akasoma, akawa dereva wa watalii. Siku moja alimleta mama mmoja wa Kizungu aliyetaka kitambaa cha meza. Mama yule alipotajiwa bei akagusisha ulimi kwenye meno, ts, ts, huku akitikisa kichwa.

"Anaita paka?" Anande akauliza.

"Hapana, mama. Ndiyo kusonya kwao. Kwa Kiingereza wanasema 'tut'. Ni kitenzi kabisa, kipo kwenye kamusi."

"Maana yake nini?"

"Kuonyesha jambo hujalipenda. Mtu amechelewa, una-tut. Mtoto amemwaga chai, una-tut."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Na aliyefanyiwa?"

"Anasema samahani. Au ananyamaza, chai inafutwa."

"Hicho ni kikohozi," Anande akasema. "Msonyo lazima mtu aende nao nyumbani. Mwambie atazame."

Akamwonyesha, wa kati. Mzungu akacheka hadi akashika meza, akajaribu, akashindwa, akanunua vitambaa viwili. Safu nzima tulimpigia makofi. Maneno yale ya kikohozi aliyarudia wiki nzima kwa kila aliyepita.

Fanuel alimpata mchumba, Susana, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, kwao Nkoaranga, Meru, juu kule kwenye migomba na kahawa. Mshenga akawa Mzee Solomoni, mzee wa kanisa lao Olasiti, mtu wa maneno machache. Wanaume walishakwenda. Mbuzi walishakubaliwa, asali ilishakubaliwa, koti la babu lilishakubaliwa. Ilibaki siku ya akina mama: mama wa kijana aende aonekane, na bibi wa binti aseme blanketi lake.

Blanketi la koko, kama wanavyowaita bibi zao kule, lina utaratibu wake. Vingine vyote mnaweza kuvutana mpaka jioni. Blanketi halivutwi. Koko anasema analotaka, nyinyi mnajibu "tumepokea", basi, chakula kinaletwa. Mzee Solomoni alilieleza hilo ndani ya gari tangu tunatoka mjini.

"Mama Fanuel, kule si Kilombero."

"Mzee, kwani mimi mtoto?"

"Sijasema wewe mtoto. Nasema kule si Kilombero."

Tulipokelewa vizuri. Makochi yalivikwa vitambaa vya kufuma, sufuria la loshoro, makande ya maziwa, lilishawekwa mezani, limefunikwa, na harufu ya maziwa ya mgando ilikuwa imejaa chumba. Msemaji wao alikuwa Elihuruma, baba mdogo wa Susana, mtu wa mzaha.

"Hawa wa mjini wamekuja na viatu vinang'aa," akasema. "Wataondoka navyo vimevaa udongo wa Meru, wakaonyeshe huko Olasiti kwamba na wao walikuwa watu."

Tukacheka. Anande naye alicheka. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha kushona, na Fanuel suti ya bluu iliyomkaa kama ameshonewa. Koko mwenyewe, Bibi Nkasiogi, alikaa karibu na mlango apate jua. Mdogo wa mwili, amejifunga khanga juu ya sweta, mikono juu ya fimbo. Zamu yake ilipofika akakohoa kidogo.

"Mimi blanketi langu liwe jipya."

"Tumepokea," Mzee Solomoni akasema.

"Sijamaliza. Jipya la dukani, na mfuko wake wenye zipu. Msiniletee kafa Ulaya. Nimesikia kwa huyu kijana wanauza vitu vya Wazungu waliokufa. Sasa nikilala nalo, yule Mzungu akija usiku kudai blanketi lake, mimi nitamjibu kwa lugha gani?"

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, na nimeuza mashuka hayohayo maisha yangu yote. Niligeuka nicheke na Anande, nikakuta midomo yake inajikusanya. Nilinyoosha mkono nimshike paja. Nilichelewa.

Ukatoka. Ule mrefu.

Niliusikia ukipita kutoka kwetu hadi mlangoni, na kicheko kikifa nyuma yake, kiti kwa kiti. Mwisho ikabaki sauti ya ng'ombe anayetafuna huko nje.

"Nani amesonya?" Elihuruma akauliza.

Mzee Solomoni alishateremka kwenye kiti, magoti chini. "Wazee wangu, tunaomba mtusikilize..."

"Mzee, inuka, ukae. Nimeuliza nani amesonya."

"Ni mimi," Anande akasema. Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake.

"Umemsonya mama yangu. Nyumbani kwake. Mbele ya wajukuu zake."

Hakuna aliyetutukana. Hakuna aliyesema tokeni. Shangazi mmoja aliinuka tu, akashika sufuria la loshoro kwa vitambaa viwili, akalirudisha jikoni. Hilo lilitosha. Koko alikuwa anatazama nje, kwenye jua, kana kwamba tulishaondoka.

Kushuka njia ile kuna mahali panateleza. Fanuel alitangulia, mabega ya suti ya bluu yamesimama, hakugeuka. Aliyempa mama yake mkono ni Mzee Solomoni.

Msomaji wa pwani au wa Dar anaweza kusema tumekuza jambo. Sokoni msonyo unaiangukia bidhaa, na bidhaa haina uso. Kwenye nyumba ya watu unamwangukia mtu. Mkubwa akimsonya mdogo, amemkanya. Rika kwa rika, ni ugomvi, mtapatana. Mdogo kumsonya mkubwa wake, tena mkwe kumsonya koko siku ya blanketi, kule hata hawalitaji. Wanasema tu "lile jambo".

Habari ilifika Kilombero kabla yetu. Sijui nani aliibeba, lakini soko halina pazia, pamoja na mapazia yote tunayouza.

"Mama Fanuel!" akapiga kelele muuza henga za nguo wa ng'ambo ya njia. "Nisonye na mimi, pengine wakwe zangu watanirudishia mbuzi!"

Siku nyingine angemjibu hadi afunge biashara. Siku hiyo alijifunika khanga usoni, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Alikaa huko chini muda mrefu.

Fanuel alihamia kwa dereva mwenzake. Alimpigia simu mara moja tu, akasema, "Mama, umenimaliza," akakata. Susana, huko juu, alijaribu kututetea. Alimweleza koko wake kwamba hata Waingereza wanacho kitenzi hicho, 'tut', wanakitumia kwenye foleni, wanakitumia hata kanisani mtoto akilia, ni namna ya kusema jambo hili silipendi, wala si tusi. Koko alimsikiliza mpaka mwisho, kama mwalimu anavyostahili kusikilizwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, koko."

"Basi na aende kwa hao Waingereza akamwozee mwanawe huko."

Anande alinisimulia hayo huku akikunja pazia lilelile, analikunjua, analikunja tena. "Mama Saadi, ni mimi niliyesema kile chao ni kikohozi. Nikasema msonyo lazima mtu aende nao nyumbani." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Nimekwenda nao mimi. Nalala nao."

Akaacha kusonya kabisa. Wafanyabiashara tunanusa udhaifu haraka kuliko inzi. Mteja alitaja bei ya kuchekesha, yeye akasema, haya, chukua. Wenye belo walimsukumia mapazia ya viraka, akayapokea kwa mikono miwili. Sikuweza kuendelea kutazama.

"Unauza au unagawa sadaka?"

"Mdomo wangu siuamini tena," akasema. "Ukifunguka sijui kitakachotoka."

Kwanza alijaribu njia tunayoijua. Alimnunulia koko mbuzi mzuri wa maziwa, akaweka na sukari, na doti ya kitenge, akamtuma Mzee Solomoni. Vitu vikarudi siku hiyohiyo, na mbuzi pia. Mzee alimleta mpaka sokoni kwa sababu hakujua pengine pa kumweka. Mbuzi akafungwa kwenye nguzo, akaanza kula pindo la shuka langu, na kila aliyepita akauliza anauzwa kiasi gani. Anande alijibu kila mmoja, "Hauzwi," kichwa kimeinama, kama anayekiri mahakamani.

"Unamlipa mtu kwa kitu asichouza," nikamwambia.

"Kwani anataka nini?"

"Sijui. Solomoni hajui. Wewe hujui. Panda ukamuulize mwenyewe. Unatuma mtu wa kati, unashangaa bei haieleweki?"

"Nitasimama wapi pale?"

"Utasimama utakapoambiwa. Nitakwenda na wewe, lakini sitakusemea."

Njiani alinieleza maneno aliyopewa na Mzee Solomoni. Ukiulizwa, sema ulisonya blanketi. Sema ni mazoea ya kazi, ulisikia neno la bidhaa ukadhani uko mezani kwako. Nikaona ni maneno mazuri, maana hata uongo haukuwa mwingi ndani yake. Ningekuwa mimi ningeyatumia.

Bodaboda zilitushusha karibu na hospitali, tukapanda kwa miguu. Njia ni ya mwinuko, inapita nyuma ya jikoni za watu, na kila jiko lilikuwa na mtu aliyesimama kututazama. Anande alisalimia kila mlango. Wengine waliitikia.

Koko tulimkuta kwenye migomba, anakata majani ya ng'ombe kwa mundu.

"Shikamoo, koko," Anande akasema.

Mundu uliendelea.

"Shikamoo," nikasema mimi.

"Marahaba, hujambo mwanangu? Mmeamkaje mjini?"

"Salama, koko."

"Shikamoo, koko," Anande akarudia.

Krrr, mundu kwenye shina. Koko alinitazama mimi, akaniuliza habari za mvua Arusha, habari za watoto, nina wangapi. Nilijibu huku nimeona haya hadi kwenye masikio, kwa sababu mwenzangu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu na hakuna aliyemwona. Ili mikono yake ifanye kitu, akainama kuokota majani yaliyokatwa, ayafunge.

"Acha," koko akasema bila kumtazama. "Hayo ni ya ng'ombe wangu."

Akayaweka chini, moja moja, kama yalivyokuwa.

Tulisimama. Koko akakata, akakata, akanyoosha mgongo. Kisha akaongea, ameupa mgomba uso.

"Siku ile ulisonya nini? Ulisonya blanketi, au ulinisonya mimi?"

Nikashusha pumzi. Swali lilikuja kama tulivyolitengenezea jibu. Nikamgusa Anande kiwiko: sema.

Alitazama majani chini, mdomo umekaza. Nikamgusa tena.

"Nilikusonya wewe, koko."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, koko alikuwa amegeuka.

"Kwa nini?"

"Ulitaja mtumba, watu wakacheka. Mwanangu nimemlea kwa mtumba. Amesoma kwa mtumba. Hata ile suti aliyokuja nayo hapa niliitoa kwenye belo, nikaipiga pasi mwenyewe. Nikaona mnatucheka, na yeye amekaa pale, anasikia."

"Mimi nilicheka blanketi."

"Sasa najua."

"Hukujua siku ile?"

"Nilijua. Nilijua nusu. Lakini ulishatoka."

Koko alisogea karibu. Akafungua khanga kifuani, akavuta sweta lake la kijani, akamsogezea Anande. "Na hili? Unadhani nimelitoa wapi?"

Anande akalitazama. Sijui ilimtokaje. "Gredi wani hilo," akasema, halafu akajiziba mdomo kwa kiganja.

Koko alimkazia macho. Akajaza hewa, akakusanya midomo, na mimi nikajua kinachokuja. Akamsonya. Lakini kinywa hakikuwa na meno ya kuukamata, ukatoka upepo mtupu, fyuuu, kama taa inayozimwa. Usingethubutu kucheka. Anande alisimama akaupokea wote, viganja vimeunganishwa mbele, machozi yanateremka, hayapanguzi.

"Meno yameisha," koko akasema. "Ningekuwa nayo ungesikia."

"Nimesikia, koko."

Mundu ukabadilishwa mkono.

"Marahaba," koko akasema.

Nilifikiri yameisha. Hayakuwa yameisha.

"Mwambie Solomoni aje Jumamosi na wenzake, tumalize. Wewe usije. Utakuja siku ya harusi. Utakaa, utakula, utanyamaza."

Mama kukosa siku ya kumalizia posa ya mtoto wake wa pekee, na watu waulize yuko wapi, na Elihuruma awajibu. Nilimfahamu Anande kwa jambo kama hilo: angevutana hadi jua lizame. Nikangoja.

"Nimepokea," akasema.

"Na blanketi liwe jipya."

"La dukani."

"Lenye zipu," koko akasema, akainamia majani yake.

Kesho yake tulikwenda dukani kwa Omari, anayeuza mablanketi mapya barabarani, mtu anayemjua Anande tangu enzi za foronya. Akatuteremshia moja zito, la maua, mfuko unang'aa, zipu pande zote. Anande alilipapasa kidogo tu.

"Shilingi ngapi?"

Omari akataja bei. Ilikuwa bei ya kijinga, ya kuanzia, ya kumfurahisha mteja anayejua kazi. Akaegemea kaunta, akatabasamu, akangoja.

Anande akafungua pochi.

"Mama Fanuel?" Tabasamu la Omari likaanza kuyeyuka. "Mbona hunisonyi? Bei hiyo nimeiweka ya kusonywa."

"Funga, Omari."

"Basi ngoja niipunguze mwenyewe, mimi sijasema..."

"Funga tu, ndugu yangu."

Omari alinitazama mimi, mimi nikatazama mashuka ya dukani kwake. Alipokea fedha kama mtu anayeiba. Anande alilikumbatia blanketi kifuani, zipu ameielekeza ndani isionekane, akatoka. Hakupita safu yetu. Alizunguka nyuma, kwa wauza viazi, mahali ambapo hakuna anayemjua vizuri.